Hazelinati zinasifiwa sana siku hizi: kwa sisi wa Mwanza zina lipi ambalo karanga haina?

MamaSiagi (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu. Mimi nasaga siagi ya karanga na kuuza, nipo Kirumba. Siku hizi wateja wana swali moja: "Dada, ya hazelinati huna?" Wameona klipu kwamba zinashusha lehemu (kolesteroli), zinang'arisha ngozi, zinaongeza akili, na kuna moja inasema zinaponya mpaka kansa. Mtu anayelisha watu asipojua kilichomo kwenye chakula ni hatari, kwa hiyo nikakaa nikazisoma. Naweka hapa, mwenye la ziada aongeze.

Kwa wasiozijua: ni njugu za mviringo zenye ganda gumu la kahawia. Zinazaliwa juu ya mti mfupi wa kichaka, haziko chini ya udongo kama karanga. Karibu theluthi mbili ya zote duniani hutoka Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi, huko Ordu na Giresun. Italia nayo inalima kwa wingi. Ndiyo maana jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikipiga kule Uturuki wakati miti imechipua, kama mwaka 2014 na tena Aprili 2025, bei hupanda kila mahali. Zikishafika kwenye rafu za supamaketi hapa mjini, pakiti moja ndogo unaiangalia mara mbili kabla ya kuigusa.

Sasa tuje kwenye lishe. Gramu 100 zisizotiwa chumvi wala sukari zina kalori kama 628, mafuta gramu 61, protini 15, nyuzinyuzi karibu 10. Msiogope hiyo 61. Kama gramu 45 za humo ni mafuta ya jamii ya yale ya parachichi na zeituni, na yale yanayoganda ni gramu 4 na nusu tu. Sifa ya kushusha lehemu inatoka hapo: ukila mafuta ya aina hii BADALA ya mawese, samli na nyama ya mafuta, lehemu mbaya hupungua. Ukiendelea na chipsi mayai zako za kila jioni halafu ukazimwagia hazelinati juu, umejiongezea mafuta tu.

Kitu kingine kinachozipa jina ni vitamini E. Gramu 100 zina miligramu 15, ndiyo mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Lakini nani anakula gramu 100? Kiganja kimoja ni gramu 28, punje kama 20 hivi, na hapo unapata miligramu 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya 5. Yaani yule anayeuziwa hazelinati kwa ajili ya vitamini E, pengine ana dumu la alizeti ya Singida jikoni na hajui.

Madini zinayo: manganizi nyingi sana (kiganja kimoja kinakaribia kumaliza mahitaji ya siku), shaba, magnesiamu. Foleti pia ipo, ila karanga inayo mara mbili yake.

Kuhusu kansa: hakuna njugu inayoponya kansa. Hilo tusilijadili hata.


MzeeWaMwaloni

Umeandika vizuri binti yangu. Ila mimi nimelelewa kwa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga, nimeshusha mizigo ya dagaa pale Mwaloni miaka na miaka na mgongo upo. Hizi za kizungu mnazitafutia nini?


Chausiku_Nyakato

@MzeeWaMwaloni shikamoo mzee. Hoja ya mleta uzi ndiyo hiyohiyo, hajasema tuache karanga. Mimi nina swali: watoto wangu wanapenda ile chokoleti ya kupaka mkate, imechorwa hazelinati kwenye kopo. Nilikuwa najua nawapa lishe. Ina maana gani kiafya?


MamaSiagi

@MzeeWaMwaloni marahaba ni zako mzee, mimi nakupa shikamoo.

@Chausiku_Nyakato dada, geuza kopo usome upande wa viungo. Viungo huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia. Nutella kwa mfano, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ipo sokoni tangu 1964, ile ya Ulaya inataja hazelinati asilimia 13. Inayotangulia ni sukari, halafu mafuta ya mawese. Katika gramu 100, sukari peke yake ni zaidi ya gramu 55. Hiyo ni peremende ya kupaka. Sisemi usiwape kabisa, mtoto naye ana sikukuu zake, ila usiihesabu kwenye lishe. Na zile za bei rahisi usishangae ukakuta hazelinati zenyewe ni harufu tu iliyotiwa.

Kama unataka wale njugu asubuhi, saga karanga zilizokaangwa bila sukari, weka chumvi ya kuonja, paka kwenye mkate au koroga kwenye uji. Uji wenye kijiko cha siagi ya karanga unamfikisha mtoto saa ya mapumziko bila kulia njaa.


Kinda_la_Igoma

Wakuu naomba tusizunguke. Zinasaidia zile mambo zetu wanaume? Kuna jamaa anauza unga wake pale stendi anasema ndani ya wiki unaona majibu.


Fundi_Bomba

Nilikuwa nahesabu, mpaka lije hili swali itachukua muda gani. Limewahi.


LisheZiwa

Mimi kazi yangu ni lishe, nilikuwa napita tu lakini ngoja nijibu.

@Kinda_la_Igoma swali lako si la kuchekwa, lina utafiti nyuma yake. Kule Hispania, mji wa Reus, walichukua vijana 119 wenye afya nzuri waliokuwa wanakula vyakula vya kizungu vya kawaida. Kundi moja likaongezewa gramu 60 za njugu kila siku kwa wiki 14: mchanganyiko wa lozi, hazelinati na walinati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Mbegu zao za kiume ziliongezeka idadi kwa kama asilimia 16, na uhai na mwendo wake ukawa bora kidogo kuliko wa wale ambao hawakula. Sasa sikiliza vizuri: walikuwa wazima, si watu wenye tatizo. Walikula mchanganyiko, kwa hiyo huwezi kusema ni hazelinati. Na ni wiki 14 kwa sababu mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Anayekuambia wiki moja anakuibia.

Mwenye tatizo la kusimamisha akapime sukari na presha kwanza. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya mapema ya mishipa ya damu kuharibika, na unga wa stendi unamchelewesha tu.

Kwa upande wa moyo ushahidi ni mzito zaidi. Utafiti mkubwa wa PREDIMED, Hispania pia, watu zaidi ya 7,400 wenye hatari ya ugonjwa wa moyo. Kundi mojawapo lilikula mlo wa kule Mediterania pamoja na gramu 30 za njugu kwa siku: nusu walinati, robo lozi, robo hazelinati. Kiharusi, shambulio la moyo na vifo vitokanavyo vilipungua kwa takriban asilimia 30 wakilinganishwa na walioambiwa wapunguze mafuta. Ulitoka 2013, ukakutwa na kasoro katika namna watu walivyogawanywa makundi, ukaondolewa, ukafanyiwa hesabu upya na kutolewa tena 2018. Jibu lilibaki karibu lilelile. Lakini angalia hiyo robo: hazelinati ni gramu 7 na nusu. Punje tano au sita. Waliobaki wote ni wenzake, na mboga, na samaki, na mafuta ya zeituni.


Kinda_la_Igoma

Asante mkuu. Hapo kwa sukari na presha umenigusa. Nitakwenda.


Mkulima_Usagara

Mimi naona fursa. Nina ekari tatu Usagara, maji ya kisima yapo. Mbegu zinapatikana wapi? Kama bei ni hiyo mnayosema, tulime sisi.


BwanaShamba_Mstaafu

@Mkulima_Usagara weka hela yako mfukoni kwanza. Mti huu unataka baridi. Wakati wa kipupwe cha kwao unalala, na lazima upate mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo uamke na kuzaa inavyotakiwa. Mwanza tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini usiku wetu wa baridi kabisa bado ni nyuzi 15 au 16. Utaota majani, utapendeza, utapiga nao picha. Tena unachavushwa kwa upepo na aina moja haijichavushi yenyewe, unahitaji aina mbili zinazoelewana. Na hata kwao unasubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna.

Akija mtu kukuuzia miche mwambie akuonyeshe shamba lake linalozaa hapa kanda ya ziwa. Tumeshaona biashara ya sungura na ya kware zilivyowaliza watu.

Ukitaka njugu za mti, watu wa Mbeya na Kilimanjaro wanahangaika na makadamia. Kwa udongo wa Misungwi, lima karanga au choroko, mvua zikija vizuri hutajuta.


Mkulima_Usagara

Kware umenikumbusha mbali. Nimeelewa mzee.


Kwimba_Original

Mleta uzi samahani, lakini wewe unauza siagi ya karanga. Unategemea tukuamini ukisema karanga ni bora kuliko hazelinati? Kila mwamba ngoma huvutia kwake.


MamaSiagi

@Kwimba_Original haki yako kuuliza. Nisome tena: sijasema ni bora. Zina mafuta mazuri kuizidi karanga na vitamini E karibu mara mbili, hizo namba hazinihusu mimi wala biashara yangu. Karanga nayo ina protini gramu 25 na ushee kwenye 100, hazelinati 15. Kwa familia ambayo nyama inaonekana Jumapili, tofauti hiyo ni kubwa. Korosho za Mtwara nazo zina magnesiamu na zinki kuwashinda wote wawili, ila vitamini E hamna kitu, haifiki hata miligramu moja.

Na hili hapa uende nalo: mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu makampuni yaandike kwenye pakiti kwamba kula gramu 42 za njugu kwa siku, ndani ya mlo usio na mafuta mengi yanayoganda, kunaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Wakaongeza kwamba ushahidi unaashiria, hauthibitishi. Kwenye orodha ile hazelinati na karanga ziko pamoja. Korosho ilibaki nje kwa sababu mafuta yake yanayoganda yalizidi kiwango walichoweka. Wamarekani hawanunui kwangu.

Karanga ina ugonjwa wake mmoja lakini, na hili wauza karanga wengi hawalisemi. Sumukuvu. Ni sumu ya kuvu anayeota kwenye njugu na nafaka zisizokaushwa vizuri. Inaharibu ini, na ukiila kidogokidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini B. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Moto wa kukaanga hauiondoi yote. Hazelinati pia zinaweza kuwa nayo, si kwamba wao wamepona.

Mimi nikinunua gunia huko Magu au Kwimba naanza na kuuliza zimebanguliwaje. Kuna watu wanazinyunyizia maji maganda yalainike, vidole visiume. Wanapumzisha vidole na kumkaribisha kuvu. Hizo sichukui hata ukinipunguzia. Nyumbani tunamwaga kwenye ungo, tunakaa wawili watatu mchana tunachagua punje kwa punje: iliyosinyaa nje, yenye doa jeusi nje, iliyopasuka na kubadilika rangi nje, yenye vumbi la kijani usiiguse mara mbili. Unayomenya ukaiona imefanya kaukungu katikati, pale panapokutana nusu mbili, hiyo pia nje. Zinazotoka hatuwapi kuku, maana sumu inarudi kwetu kwa njia nyingine. Tunachoma.

Na gunia halikai sakafuni. Unyevu wa ziwa hili mnaujua wenyewe, linakaa juu ya kichanja, mbali na ukuta.


Kwimba_Original

Hapo kwenye kunyunyizia maji umesema kweli tupu, bibi zetu wote wanafanya. Nimefuta kauli.


Chausiku_Nyakato

Swali lingine kama sijachosha. Mdogo ana miaka miwili, naweza kumpa hazelinati au karanga nzima? Na hizi habari za mzio ni za kweli au za wazungu?


LisheZiwa

Nzima usimpe. Njugu nzima mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kupaliwa nayo ikaziba njia ya hewa, na hazelinati ni mbaya zaidi kwa sababu ni mviringo na ngumu, inakaa kooni kama gololi. Iliyosagwa laini anaweza kula, hata kuanzia miezi sita akianza vyakula vingine, ukichanganya kwenye uji. Siagi nzito usimpe kijiko kitupu, inanata. Ipunguze kwa uji au maji ya moto.

Mzio ni wa kweli. Ulaya hazelinati ni miongoni mwa njugu zinazosumbua watu zaidi, na sehemu yake inahusiana na chavua ya mti wa kule uitwao betula, ambao hapa hatuna. Hilo halikufanyi uwe salama moja kwa moja. Mwanzie kidogo, mchana si usiku, na ukiona midomo inavimba, mwili unatoka vipele vya kuwasha, anatapika ghafla au anapumua kwa shida, hiyo ni hospitali sasa hivi, usisubiri maziwa yafanye kazi. Na mwenye mzio wa karanga asidhani hazelinati zitamwacha: karanga ni jamii ya kunde, hazelinati ni ya mti, lakini wapo watu wenye mzio wa zote.

Kwa wagonjwa wa figo: njugu zote zina potasiamu na fosforasi nyingi, ulizeni daktari wenu kwanza. Wa kisukari zinawafaa, wanga wake ni mdogo na zinashibisha, ila hazichukui nafasi ya dawa.


NansioBoy

Natokea Ukerewe. Swali langu: na omega tatu? Nasikia njugu ndiyo zinazo, za ubongo.


LisheZiwa

Hazelinati karibu hazina. Katika njugu ni walinati ndizo zinazotajwa. Na wewe unaniuliza hilo ukiwa Ukerewe? Dagaa wanaoanikwa mbele ya mlango wako wanayo, tena ya aina ambayo mwili unaitumia bila kuhangaika kuigeuza. Kula mzimamzima na kalsiamu unapata. Ila dagaa waanikwe juu ya chanja, si mchangani.


MzeeWaMwaloni

Sasa mnaongea lugha yangu. Dagaa waliokaangwa na karanga, ugali wa muhogo pembeni. Hapo huhitaji klipu.


Fundi_Bomba

Mzee usiweke karanga kwenye dagaa wa kukaanga bwana, karanga ni ya nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa.


MzeeWaMwaloni

Wewe mtoto wa wapi? Njoo Mwaloni nikupikie.


Salome_Capripoint

Mimi nimezinunua, pakiti ya kwanza nilizipenda, ya pili ilikuwa na ladha mbaya, chungu kidogo halafu harufu kama rangi ya mafuta. Muda wake wa kuisha ulikuwa haujafika. Nilizimaliza hivyohivyo kwa uchungu wa hela. Kuna ubaya?


MamaSiagi

Zilikuwa zimeharibika mafuta. Mafuta mengi kama yale yakikutana na hewa, mwanga na joto yanabadilika. Tarehe ya kwenye pakiti inahesabu stoo ya baridi, haihesabu dirisha la duka linalopigwa na jua la saa nane. Mara moja hazikuui, lakini vitamini E ndiyo inayoliwa ya kwanza, kwa hiyo ulilipia faida ambayo haikuwepo tena. Hela inauma, naelewa, ila nyingine zikiwa hivyo zitupe, au zirudishe dukani siku hiyohiyo na risiti.

Ukinunua: chukua zilizo nzima, zile zilizokatwakatwa zinaharibika upesi. Chukua zisizotiwa chumvi wala asali. Zenye ngozi yake ya kahawia ni bora, kwenye ngozi ile ndimo kuna sehemu kubwa ya vile vikinga mwili (antioksidanti) vinavyosifiwa, ingawa ina ukakasi kidogo wa kukausha ulimi. Pakiti yenye mafuta yaliyojipaka kwa ndani iache. Ukifika nyumbani hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, weka kwenye friji. Huna friji, nunua kidogo umalize.

Kukaanga ni moto mdogo, sufuria kavu, unageuza bila kuondoka. Ukisikia harufu imepanda, epua, maana zinaendelea kuiva kwa joto lao zenyewe. Usingoje ziwe nyeusi.

Na kwa walioniuliza inboksi: hapana, sitasaga siagi ya hazelinati. Nilipiga hesabu ya kopo moja, nikamtajia mteja wangu wa siku zote bei yake, akanunua kopo mbili za karanga na chenji nikamrudishia.


Salome_Capripoint

Hizo kopo unauzaje, na Capri Point unaleta?


MamaSiagi

Naleta, bodaboda unalipa wewe. Njoo inboksi, hapa wasimamizi watafunga uzi.